Boldi italiki ya monospesi: mbona m na w zinajaa, na itumike wapi?

Swali nililoletewa ni hili: "Shikamoo dada. Nafundisha vijana kuandika programu hapa Morogoro na notsi zangu zote ni za Kiswahili. Kwa mistari ya programu natumia fonti moja ya bure ya monospesi, naipenda sana, ila nikiweka boldi italiki ili neno lionekane, m na w zinajaa kama zimevimba, na nikidurufu notsi ndo kabisa hazisomeki. Nimebadilisha saizi, nimebadilisha printa, wapi. Tatizo ni fonti, kompyuta au mimi? Na hivi hii boldi italiki ya monospesi ina kazi gani hasa, si bora niachane nayo?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana kwa kufundisha kwa Kiswahili. Swali lako nimelisoma mara mbili maana mi kazi yangu ni kupanga vitabu na miongozo ya kompyuta, na sijaona herufi inayotaka uangalizi kama boldi italiki ya monospesi, yaani herufi nene iliyolala kwenye fonti ambayo kila herufi ina upana uleule, kwa hiyo nakujibu kwa urefu, tafuta chai uweke pembeni.

Nianze na jibu lenyewe halafu tushuke kwenye sababu. Tatizo sio wewe, na wala sio printa. Kwa unavyoelezea, hiyo fonti uliyoshusha haina kabisa faili la boldi italiki, ulipobonyeza B halafu ukabonyeza I kompyuta ilitafuta hilo faili ikalikosa, basi ikakupikia ya kwake hapohapo: imechukua herufi ya kawaida, ikaipaka unene kuzunguka kingo zote, ikailaza upande, ikakupa. Ulichokuwa unakiona muda wote ni cha kuchakachua. Boldi italiki yenyewe pengine hujawahi kuiona.

Hakikisha hivi. Nenda kwenye folda la fonti uangalie majina ya mafaili. Fonti ya monospesi iliyotimia kwa kawaida inakuwa na mafaili manne, Regular, Italic, Bold na BoldItalic, saa nyingine hilo la nne linaitwa BoldOblique. Ukikuta Regular tu, unene na mlalo vyote vimepikwa, ukikuta Regular na Bold tu, mlalo ndo umepikwa. Na usidhani waliotengeneza walikuwa wavivu, Fira Mono na Fira Code hazina italiki hata moja na watu wanazitumia dunia nzima, Source Code Pro ya Adobe ilitoka 2012 italiki zake zikaja 2015, Cascadia Code ya Microsoft ilitoka 2019 italiki zikafuata 2021. Italiki ni kuchora upya kuanzia a mpaka z, na boldi italiki ni kuchora upya kwa mara nyingine, ndo maana inakuja mwisho au haiji.

Sasa kwa nini iwe ngumu kiasi hicho. Monospesi maana yake kila herufi inapewa chumba chenye upana uleule, i inapewa chumba sawa na m, nukta inapewa chumba sawa na W. Hii imetoka kwenye taipureta, ukigonga kitufe chochote karatasi inasogea hatua ileile moja, mashine haijui umegonga nini. Chukua Courier ambayo Howard Kettler aliichorea taipureta za IBM miaka ya 1950. Kwenye kompyuta kila herufi ya Courier ina upana wa yuniti 600, kwa kipimo ambacho kimo cha fonti kimegawanywa yuniti 1000, kwa hiyo ukiiweka saizi 12 unapata herufi 10 katika kila inchi moja, kamili, uwe umeandika lililili au umeandika mwmwmwmw.

Fonti ya kawaida, tuseme ya gazeti au ya riwaya, ikifanywa boldi inaruhusiwa kutanuka kidogo. M yake inanenepa na chumba chake kinaongezwa, hakuna anayelalamika. Kwenye monospesi ukuta hausogei, unene wote unaingia ndani na unakula uwazi. Hebu piga hesabu na mimi. Chumba ni 600. Toa 20 kila upande ili herufi zisigusane, inabaki 560. Herufi m ina miguu mitatu, na boldi ya kueleweka inataka kila mguu uwe na unene wa kama 130, hiyo ni 390. Zinabaki 170 za kugawa kwenye matundu mawili, kila tundu 85 tu. Yaani tundu limekuwa jembamba kuliko mguu, na jicho likiona hivyo linasoma doa jeusi, halisomi m. Mchoraji mzuri anajua hili kwa hiyo anadanganya jicho, miguu ya m anaishusha iwe 105 wakati n na h zinabaki na 130 zao, hapo matundu yanapanda mpaka 122 hivi na ukisoma haraka hutagundua kwamba m imekonda kuliko wenzake. Wengine wanaukata mguu wa kati usifike chini ili hewa ipite. Kwenye w wanashusha kile kilele cha kati. Ni vitu vidogo vidogo ambavyo mtu ameamua kwa mkono, herufi kwa herufi, na kompyuta inapopika boldi yake haifanyi hata kimoja, inapaka unene sawa kila mahali, ndo maana zako zimevimba.

Na hapa kuna jambo letu sisi ambalo huwa nalisema kila nikipata nafasi. Dizaina wengi wa fonti wanapima kazi yao kwa neno hamburgefonts, ni neno la majaribio tu. Hesabu, lina m moja na w hakuna. Sasa andika "wamemwambia mwanamwali". Hizo ni herufi 21, na katika hizo 9 ni m au w. Ndo lugha yetu ilivyo, m- na wa- na mw- ziko kwenye majina, kwenye vitenzi, kwenye sifa, kila mahali, sentensi ya watu wawili watatu tu tayari ukurasa umejaa. Kwa hiyo zile herufi mbili ambazo ni dhaifu kuliko zote kwenye boldi ya monospesi ndo hizohizo Kiswahili kinazitumia sana, na fonti inaweza kusifiwa huko inakotoka kwa haki kabisa halafu ikifika kwenye notsi zako ikashindwa. Usiwahi kuchagua fonti ya kazi ya Kiswahili kwa kuangalia mfano walioweka watengenezaji. Andika mmomonyoko, andika umwagiliaji, andika wamwimbie mwimbaji, weka boldi italiki, uangalie matundu.

Na ujaribu ng'ombe pia. Ile alama ya ng' kwenye monospesi inapewa chumba kizima peke yake, kwa hiyo neno linapasuka katikati, na kwenye italiki mpasuko unalala na kuonekana mkubwa zaidi. Fonti nzuri inaichora hiyo alama nene kidogo na kuikalisha katikati ya chumba ili pengo lipungue. Kuliondoa kabisa haiwezekani. (Na kwenye programu zenyewe waambie vijana wako maneno ya ng' wayaweke ndani ya alama za kunukuu mbili, wakitumia moja moja programu itadhani neno limeishia kwenye ng, nimeona watoto wanatafuta hilo kosa saa nzima.)

Twende kwenye mlalo. Watu wanadhani italiki ni kuinamisha tu. Chukua herufi ndefu yenye kimo cha yuniti 700, ilaze nyuzi 12 kwa kushikilia miguu, kichwa chake kinaenda kulia yuniti 149. Kwenye chumba cha 600 hiyo ni robo nzima, yaani kichwa cha d au cha l kinaingia kwa jirani, na kwenye terminali nyingine (lile dirisha la kuandikia amri) kila chumba kinachorwa peke yake kwa hiyo kipande kilichovuka mpaka kinakatwa, unaona f haina kichwa. Mchoraji anazuia hili kwa namna mbili, anailaza herufi kwa kuishika katikati badala ya miguuni, hapo juu inaenda kulia nusu na chini inarudi kushoto nusu na herufi inabaki katikati ya chumba chake, na pia anapunguza mlalo. JetBrains Mono iliyotoka 2020 wameilaza nyuzi 9 badala ya zile 11 au 12 zilizozoeleka, na kwa kimo hichohicho cha 700 kichwa kinasogea kama 110 tu. Inaonekana kidogo ukiisema, ila kaa nayo siku nzima mbele ya skrini utaona tofauti.

Halafu kuna duara. Ukiilaza o kwa nguvu unene wake unahama, juu kulia na chini kushoto panakuwa panene, juu kushoto na chini kulia panakonda, o inaonekana kama tairi lililokanyagwa. Kwenye herufi nyembamba hili linajificha, kwenye boldi linatangaza kabisa. Mwenye kuchora inabidi arudi kwenye kila herufi yenye tumbo, a, b, d, e, g, o, p, q, arekebishe unene kwa jicho. Hata BoldOblique ya kweli, ile ambayo maumbo hayakubadilika bali yamelala tu, imepitia marekebisho haya, kwa hiyo usiidharau ukidhani ni sawa na ya kupikwa.

Italiki kamili ndo inaenda mbali zaidi, inabadilisha umbo lenyewe lifuate mwandiko wa mkono. Herufi a inapoteza paa lake na kuwa kama tunavyoandika shuleni, f inashusha mkia chini ya mstari, i na l zinapata vijikia. Na kwenye monospesi kuna uzuri mmoja hapa ambao naupenda sana: herufi nyembamba kama i, l, r kwenye mtindo wa kawaida zinapwaya ndani ya chumba, inabidi zibebeshwe serifu ndefu, yaani vijistari vya pembeni, ili zijaze nafasi, lakini kwenye italiki ule mkia unajaza chumba wenyewe, bila kulazimisha, mkono ungefanya hivohivo. Kwa hiyo mlalo unazisaidia zile nyembamba na unazibana zile pana, na kazi yote ya boldi italiki ya monospesi iko katikati ya hizo pande mbili.

Kuhusu ilikotoka, kwenye taipureta haikuwepo. Nilipoanza kazi kulikuwa na mama mmoja mpiga chapa, yeye boldi yake ilikuwa kugonga neno, kurudi nyuma, kugonga tena palepale, neno linakolea. Italiki hakuwa nayo, alikuwa anapiga mstari chini, na mpangaji wa kiwandani akiona mstari anajua hapo ni italiki. IBM nayo ilishatoa taipureta ya Selectric, 1961, ambayo herufi zote 88 zilikaa kwenye tufe moja dogo, unalitoa unaweka tufe lingine la italiki, ila hapo lazima usimame katikati ya sentensi ubadilishe tufe. IBM Plex Mono ya 2017 italiki yake imechukua mawazo kutoka kwenye tufe mojawapo la hizo mashine, angalia i na r zake utaona ule utaipureta. Boldi na mlalo kukutana kwenye herufi moja kama kitu cha kawaida kumeletwa na kompyuta na printa, na kwenye PDF zile fonti 14 za msingi ambazo kila kisomaji kilitakiwa kiwe nazo, nne ni za Courier na mojawapo ni Courier-BoldOblique. Kwa hiyo ina heshima yake.

Sasa umeuliza kazi yake. Sifa moja ya monospesi ambayo fonti nyingine nyingi hazina ni kwamba mitindo yote minne ina upana uleule. Ukibadilisha neno kutoka kawaida kwenda boldi italiki hakuna herufi inayosogea, mstari hauvunjiki mahali pengine, safu zinabaki zimenyooka. Waandishi wa filamu Marekani wanaandika miswada kwa Courier saizi 12 na wanakadiria ukurasa mmoja ni kama dakika moja kwenye skrini, sasa fikiria kama kukoleza maneno kungetanua mistari, hesabu yote ingeyumba. Kwa ajili yao ilitengenezwa Courier Prime mwaka 2013, Alan Dague-Greene ndo aliichora baada ya mwandishi John August kuihitaji, na kitu kikubwa kilichoongezwa humo ni italiki iliyochorwa kweli, kwa kuwa Courier ya zamani ilikuwa ya kulaza tu. Ni ya bure na boldi italiki yake kwenye karatasi imetulia sana.

Kwako wewe mwalimu matumizi ni haya. Miongozo ya amri za kompyuta ina desturi ya zamani, neno la kuandikwa kama lilivyo linawekwa boldi, neno ambalo msomaji anatakiwa abadilishe aweke la kwake linawekwa italiki. Ifuate hiyo. Halafu boldi italiki ihifadhi kwa kitu kimoja tu kwenye notsi nzima, mi ningeiweka pale ambapo mwanafunzi akisahau kubadilisha kitu anaharibu, kwa mfano jina la folda ndani ya amri ya kufuta. Ikitokea mara moja kwenye ukurasa jicho linaenda pale lenyewe. Ikitokea mara kumi ukurasa unakuwa na madoa na hakuna anayejua aangalie wapi.

Kwenye edita, yaani programu ya kuandikia programu, usiweke komenti zote (yale maelezo ambayo kompyuta inayaruka) boldi italiki kama wengine wanavyofanya, komenti italiki ya kawaida inatosha, zinatakiwa zirudi nyuma kidogo. Kwenye edita ya VS Code kuna sehemu ya setingi inaitwa editor.tokenColorCustomizations, ndani yake unachagua aina ya neno na kwenye fontStyle unaandika italic au bold italic, basi. Operator Mono ndo ilileta hii homa ya italiki za mwandiko kwenye programu mwaka 2016, ni ya kulipia, ukitaka ladha hiyo bure ichukue Victor Mono, ina zote mbili, italiki ya mwandiko na ile ya kulala tu. Kwenye terminali jaribu hii uone yako inaweza nini:

printf '\033[1;3mmwanamwali\033[0m\n'

Hiyo 1 ni boldi, 3 ni italiki, 0 inarudisha kawaida. Ukiona neno limekuwa na rangi kali tu bila kunenepa, terminali yako inatafsiri boldi kama rangi, kuna setingi ya kuzima hiyo. Ukiona mstari chini badala ya mlalo, ndo ileile ya mpiga chapa wangu.

Na kuna matumizi mengine ambayo hukuyauliza ila kwa kuwa uko shuleni nakupa, mwambie na mwalimu wa Kiswahili. Ngeli. Monospesi inapanga viambishi safu kwa safu:

m-toto   m-dogo   a-meanguka
wa-toto  wa-dogo  wa-meanguka

Sasa viambishi vya ngeli, m-, wa-, a-, viweke boldi italiki na sehemu iliyobaki iache kawaida. Upatanisho unaonekana kwa macho kabla hata hujafungua mdomo, na kwa sababu upana ni uleule safu hazisogei hata kidogo, ukijaribu hivyo na fonti ya kawaida kila ukikoleza kitu neno la pili linahama. Nilimpangia rafiki yangu mwalimu karatasi za hivi, watoto walikuwa wanashuka na kidole kwenye safu.

Pale ambapo usihangaike nayo ni risiti. Kama vijana wako wanatengeneza programu za duka, zile printa ndogo za karatasi ya milimita 58 zina nukta 384 kwa upana, herufi ya kawaida ina nukta 12, kwa hiyo ni herufi 32 kwa mstari, boldi ipo ila italiki kwa nyingi haipo kabisa. Jumla iweke boldi, inatosha.

Turudi kwenye skrini maana hapo pia uliteseka. Laptopu nyingi za zamani tulizonazo ni za pikseli 1366 kwa 768. Fonti saizi ya pikseli 14 chumba chake ni kama pikseli 8. Sasa m boldi inataka miguu mitatu ya pikseli mbili mbili, hiyo 6, matundu mawili ya pikseli moja moja, 8, na nafasi ya jirani moja, 9. Haiingii. Hakuna fonti duniani itakayoingiza 9 kwenye 8, itafifisha tu kwa kijivu, na kwenye mlalo kijivu kinaongezeka maana mguu uliolala hauwezi kukaa sawasawa kwenye pikseli. Panda mpaka 18, chumba kinakuwa karibu 11, m inapumua. Kwa hiyo ukifundisha kwa projekta usiogope kuongeza saizi, ongeza.

Na karatasi. Kuna mwaka nilipanga kijitabu cha mazoezi, kwenye skrini kilikuwa kizuri kweli, kikaenda kudurufiwa sehemu fulani kwenye karatasi laini ya bei rahisi, kikarudi kila m iliyokolezwa imekuwa kama mdudu aliyekanyagwa. Wino unatambaa kwenye karatasi ya hivyo, na kama tundu lilikuwa jembamba tangu mwanzo linazibwa. Na kibaya zaidi yule fundi alifungua faili la Word kwenye kompyuta isiyo na fonti yangu, ikawekwa nyingine, safu zote za jedwali zikapinda, nakala zote. Nilikaa nazo mezani nikiziangalia, nilijisikia vibaya sana kwa wale watoto. Tangu hapo vitu viwili sivunji: napeleka PDF ambayo fonti zimefungwa ndani yake, na kwa kazi ya kudurufu natumia uzito mmoja chini ya boldi. Fonti kama IBM Plex Mono ina uzito nane na kila uzito una italiki yake, kwa hiyo naweka SemiBold Italic, wino ukitambaa inafika kwenye boldi yenyewe. Ila angalizo, ukiichagua SemiBold kwa jina lake usibonyeze B tena, programu nyingine itapika boldi juu ya hiyo na utarudi kulekule.

Kama notsi unaziweka kwenye tovuti, kila faili kati ya yale manne lipe kanuni yake ya CSS inayoitwa @font-face, BoldItalic uiandikie font-weight: 700 na font-style: italic, halafu kwenye body ongeza font-synthesis: none. Hiyo inakataza kivinjari kupika. Faili likikosekana utaona herufi haijakolea, haijalala au imekuja ya fonti nyingine, na utajua mara moja kuna kitu hakipo.

Kwa hiyo ningekuwa mimi ningechukua IBM Plex Mono kwa notsi za kuchapa na JetBrains Mono kwa skrini, zote bure. Courier Prime kama unapenda sura ya taipureta. Zile za mwandiko, Victor na wenzake, ziache za kwako binafsi kwenye edita, kwa mtoto anayejifunza kusoma programu ile r na s ya mwandiko inamchelewesha.

Kabla hujaamua fanya jaribio moja la dakika tano. Andika mistari mitatu, i kumi, m kumi, w kumi, kila mmoja ukianzia ukingo uleule, kwanza kawaida halafu boldi italiki chini yake. Miisho yote ikilingana wima, upana uko sawa, ila bado angalia folda uhakikishe faili la BoldItalic lipo. Mmoja ukivuka waziwazi, ama boldi imepikwa ama fonti sio monospesi. Chini yake ongeza 0 na O, 1 na l na I, maana vijana wako watakuja kuandika namba za malipo na tokeni za LUKU zenye tarakimu 20 na hapo hakuna kubahatisha. Halafu andika "wamemwambia mwanamwali" kwa saizi 9, 10, 11 na 12, peleka ikadurufiwe kwenye karatasi ileile mnayotumia na mashine ileile, usiangalie kwenye skrini. Saizi ndogo kuliko zote ambayo bado unaona mwanga ndani ya m, hiyo ndo saizi yako. Ukipata nakala nipigie picha unitumie, nataka kuiona.